Ngozi na kucha za mgonjwa aliyepooza au mwenye ganzi: mwongozo kamili wa kumtunza nyumbani

Mtu aliyepooza kuanzia kiunoni ukimuuliza kama anaumwa popote atakujibu hapana, na atakuwa anasema kweli, huku kidonda cha upana wa kiganja kimeshafunguka kwenye kitokono chake, yaani mfupa wa mwisho wa mgongo. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Ngozi ya mwenye afya hulalamika yenyewe: ikibanwa, mtu hujigeuza usingizini bila hata kujua, ikiguswa na moto, mkono huruka kabla ya akili kufika. Mishipa ya fahamu ikiharibika, malalamiko hayo hayafiki popote. Inabidi mtu mwingine, au mgonjwa mwenyewe kwa macho yake, aifanye kazi ya mishipa hiyo kila siku.

Mwongozo huu ni wa anayeuguza nyumbani, na pia wa mgonjwa anayeweza kujihudumia. Unamhusu aliyepata kiharusi, aliyeumia uti wa mgongo kwa ajali ya barabarani au kwa kuanguka mtini, mwenye kisukari aliyeanza kuhisi ganzi miguuni, aliyewahi kuugua ukoma, mtoto mwenye mtindio wa ubongo au aliyezaliwa na mgongo wazi, na mzee mwenye Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili.

Kwanza ujue kinachotokea

Mishipa ya fahamu inaifanyia ngozi kazi tatu: kuleta hisia, kuendesha misuli, na kuamuru jasho. Hisia ikipotea, mtu haoni maumivu. Misuli ikipooza, hawezi kujiondoa penye shida hata akihisi. Jasho likikatika, ngozi hukauka na kupasuka, hasa visigino, ndiyo maana mwenye ganzi ya kisukari au ukoma huwa na magaga makavu yasiyokwisha. Kwa wengine mambo huenda kinyume: mwenye Parkinson anaweza kutoka jasho jingi kupita kiasi, na mafuta yakajaa usoni.

Daktari Paul Brand, mpasuaji wa mikono aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, ndiye aliyewafungua macho wenzake kwamba vidole vya wagonjwa wa ukoma havikuwa vikioza vyenyewe. Viliisha kidogo kidogo kwa majeraha yasiyohisiwa: chombo cha moto, mpini wa jembe, ufunguo uliogoma kwenye kufuli, hata panya waliokuja kutafuna usiku. Na panya si habari ya India peke yake. Mwaka 2005 Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha maelezo ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Kwa hiyo chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro kina kazi zaidi ya kuzuia mbu, na mwenye ganzi anawe mikono na miguu kabla ya kulala ili harufu ya chakula isibaki.

Hatua ya kwanza: kagua

Chagua nyakati mbili zisizobadilika, asubuhi kabla ya kumvalisha na usiku kabla ya kulala. Fungua dirisha au washa tochi ya simu. Anza kisogoni na nyuma ya masikio, shuka mabegani, viwiko, uti wa mgongo, kitokono, mifupa miwili ya makalio, nyonga kwa pembeni, magoti kwa ndani yanapogusana, vifundo vya miguu, visigino, halafu katikati ya kila kidole. Kwa mgonjwa wa kitandani, kitokono na visigino ndivyo vinavyoongoza kwa vidonda. Kwa anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu, tazama kwanza mifupa anayoikalia. Mwenye kujihudumia atumie kioo cha mkono, au apige picha kwa simu sehemu asizoziona.

Vijitabu vingi vinakwambia utafute wekundu. Kwa ngozi nyeusi ushauri huo unapotosha, kwani wekundu unaweza usionekane kabisa mpaka mambo yameshaharibika. Tafuta sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi ya ngozi ya jirani, au ya zambarau, au inayong'aa. Kisha tumia mgongo wa mkono wako: pana joto kuliko upande wa pili? Pana baridi? Pabonyeze taratibu: pamekuwa pagumu, au pamelegea na kujaa maji? Mikono itakwambia mapema kuliko macho. Kwa mwenye ngozi nyeupe, bonyeza pekundu kwa kidole kwa sekunde chache. Rangi isipopauka kwa muda unapoachia, tayari ni kidonda cha mgandamizo cha daraja la kwanza, japo ngozi haijachanika.

Ukiona alama yoyote ya namna hiyo, mwondoe mgonjwa kwenye sehemu hiyo na uangalie tena baada ya nusu saa. Ikiwa haijafutika, hapalaliwi wala hapakaliwi tena mpaka ifutike, hata ikichukua siku kadhaa. Hii ndiyo amri ngumu kuliko zote katika mwongozo huu, kwa sababu mgonjwa wa kiti atakuwa na safari, ibada au kazi. Lakini siku tatu za kulala ubavu ni nafuu kuliko miezi ya kidonda.

Tafuta pia visivyotegemewa: mpira wa mkojo uliolaliwa na paja, kifungo cha shati, sarafu iliyodondoka kwenye shuka, lastiki ya pampasi, banzi la mguu lililobana. Misuko yenye mafundo kisogoni huweza kutoboa ngozi ya mtu asiyeweza kugeuza kichwa. Msuke mlalo, au mnyoe akikubali.

Mwislamu anayetawadha ana bahati ya kuishika miguu yake mara kadhaa kwa siku. Atumie nafasi hiyo kuitazama, na akimaliza akaushe katikati ya vidole kwa kitambaa, maana unyevu unaobaki hapo ndio unaozalisha fangasi.

Hatua ya pili: osha, kausha, paka

Maji yawe ya uvuguvugu, na yapimwe kwa kiwiko cha anayeogesha, kamwe si kwa mguu au mkono wenye ganzi. Tumia sabuni ya kuogea isiyo kali. Sabuni ya mche ya kufulia huondoa mafuta yote ya ngozi, na sabuni za dawa zinazosifiwa kwa kuua vijidudu hukausha vivyo hivyo. Dodoki na jiwe la kusugulia viwekwe kando. Osha kwa kitambaa laini, suuza, kisha kausha kwa kubonyeza taulo bila kusugua. Mikunjo inataka subira: chini ya matiti, kwapani, kinenani, shingoni kwa mtoto anayetoka udelele. Poda usimwage humo. Ikikutana na jasho huganda na kukwaruza. Mkunjo ukiwa na wekundu au weusi unaowasha, na vijipele pembezoni, huenda ni fangasi. Dawa ya kupaka ya klotrimazoli hupatikana famasi, na hutumiwa kwa muda wote ulioandikwa hata kama pameonekana kupona.

Mafuta ya mgando yapakwe mwili ukiwa bado na unyevunyevu kidogo, ili yafungie maji ndani ya ngozi. Yasiyo na manukato ndiyo bora. Mafuta ya nazi au ya alizeti yanafaa pia. Katikati ya vidole vya miguu usipake kitu.

Mambo mawili ya zamani yaachwe. Kumsugua mgonjwa mgongoni kwa spiriti ili "kukaza ngozi" huikausha tu. Na kuchua: kuchua misuli ya mkono au paja uliopooza ni jambo jingine, lakini usichue kabisa juu ya mfupa ambapo ngozi imebadilika rangi, kwa sababu nyama iliyo chini yake imeshaumia na unaimalizia.

Kwa asiyeweza kuzuia haja, muda ndio kila kitu. Mkojo na kinyesi vikikaa pamoja huunguza ngozi haraka kuliko kila kimoja peke yake. Badilisha mara tu unapojua, osha, kausha, kisha paka safu nyembamba ya mafuta ya mgando au krimu ya zinki. Nyembamba kweli, maana mafuta mengi huziba pampasi ikashindwa kunyonya. Usimvalishe pampasi mbili, na nailoni ya kukinga godoro isiguse ngozi; tandika shuka au khanga ya pamba juu yake.

Mwenye Parkinson huota magamba yenye mafuta kwenye nyusi, pembeni mwa pua na kichwani. Shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki, ikiachwa dakika tano kabla ya kusuuzwa, huyatuliza kwa wengi. Anayetokwa na mate, mpake mafuta ya mgando kwenye pembe za mdomo kabla hazijachubuka.

Kisha lipo suala la haya, ambalo wataalamu hulipita haraka. Katika nyumba nyingi, mkwe hawezi kumwogesha baba mkwe, na mtoto wa kiume hapendi kumwona mama yake. Amueni mapema nani atafanya nini, msije mkaishia kumwacha mzee bila kukaguliwa kitokono kwa kuwa kila mmoja anaona si yeye. Mfunike kwa khanga na umfunue sehemu moja tu kwa wakati. Omba ruhusa hata kama hawezi kujibu: "Shikamoo mama. Naomba nikugeuze kidogo nikuangalie mgongo."

Hatua ya tatu: geuza

Anza na kila saa mbili, mchana na usiku: chali, ubavu wa kulia, chali, ubavu wa kushoto. Ukimlaza ubavu usimsimamishe juu ya nyonga. Mwinamishe kidogo tu, kama nyuzi 30, na mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Andika saa na upande kwenye karatasi ukutani ili anayepokea zamu asibahatishe. Mwenye godoro zuri ambaye ngozi yake haibadiliki anaweza baadaye kuongezewa muda, kwa ushauri wa muuguzi.

Visigino vielee hewani: weka mto chini ya vigimbi vya miguu, urefu wote, kisigino kisiguse kitu. Usitumie glavu zilizojazwa maji chini ya visigino, ingawa utaziona hata wodini, wala kata ya kitambaa au mpira wa duara chini ya makalio. Duara hubana ngozi inayolizunguka na kuzuia damu kufika katikati, mahali palepale ulipotaka papone.

Kumvuta mgonjwa juu ya shuka kunachana tabaka za ndani za ngozi bila kuonyesha kitu nje. Weka shuka lililokunjwa mara mbili kuanzia mabegani hadi mapajani, watu wawili mlishike kila upande, mmnyanyue. Kichwa cha kitanda kisipande zaidi ya nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula na muda mfupi baadaye, la sivyo atateleza kuelekea miguuni na kitokono kitasagika.

Kwenye kiti cha magurudumu, aondoe uzito kila baada ya dakika 15 hadi 30. Kujinyanyua kwa mikono kwa sekunde chache hakutoshi. Damu inahitaji kama dakika mbili kurudi. Kuinamia mbele, kifua kikielekea mapajani, au kuegemea upande mmoja kisha mwingine, kunafaa zaidi na hakuumizi mabega. Mto wa kiti ni lazima, na ukaguliwe kwa mkono: ukiweka kiganja chini ya mfupa wa kalio na ukahisi ubao, mto umekwisha.

Hatua ya nne: mkono uliofunga ngumi

Baada ya kiharusi, na kwa watoto wengi wenye mtindio wa ubongo, misuli hukaza na vidole hujikunja, mara nyingine gumba likiwa limefungiwa ndani. Kiganja hakioni hewa. Ndani yake hukusanyika jasho na ngozi iliyokufa, harufu hutoka, fangasi huota, na kucha huzama nyamani. Familia huona mkono safi kwa nje na kudhani umeoshwa.

Kosa la karibu kila mtu ni kuvuta ncha za vidole. Misuli iliyokaza ikivutwa ghafla hukaza zaidi, na unaweza kutegua kiungo au kumvunja kidole mzee. Fanya hivi:

1. Kama anameza dawa ya kulegeza misuli kama baklofeni, subiri saa moja hivi baada ya dozi. Mketishe vizuri, bega lishushwe, mkono mzima uegemee mto.

2. Tumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika tano hadi kumi. Zungumza naye mambo mengine. Hofu nayo hukaza misuli.

3. Kunja kifundo cha mkono kuelekea ndani, upande wa kiganja. Utashangaa vidole vinalegea vyenyewe, kwa sababu kano zinazovikunja zimepata nafasi.

4. Likamate gumba chini kabisa, kwenye shina lake lenye nyama, ulitoe nje polepole. Usilivute kwa kushika ncha.

5. Ingiza vidole vyako kutokea upande wa kidole kidogo, ukivifungua kuanzia kwenye viungo vya karibu na kiganja. Vikigoma, simama, hesabu taratibu, endelea vikilegea.

6. Osha kiganja na katikati ya vidole, suuza, kausha kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kidole chako. Tazama alama za kucha.

7. Mwachie mkononi kitambaa cha pamba kilichoviringishwa, kinene kiasi cha kuzuia kucha zisifike kiganjani. Kibadilishwe kila siku. Mpira laini wa kubonyeza usimpe; kwa wengine huchochea mkono kufumba zaidi.

Fanya hivyo kila siku, hata dakika chache. Mkono usiofunguka kabisa, au unaomtoa machozi, upelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Zipo banzi, na zipo sindano za kulegeza misuli kwenye baadhi ya hospitali kubwa. Na kwapa na mkunjo wa kiwiko usivisahau. Vinajifunga kwa namna ileile.

Hatua ya tano: kucha

Kucha za mikono hukua kama milimita tatu kwa mwezi, za miguu nusu ya hapo. Kwa hiyo mikono kila wiki, hasa mkono wa ngumi, na miguu kila wiki tatu au nne. Kata baada ya kuoga, zikiwa laini.

Vifaa: neilikata ya mgonjwa peke yake, tupa ya kucha, taulo, mwanga. Wembe usiguse kucha wala sugu za mtu mwenye ganzi. Wembe ukiteleza, hatasema "ah". Vifaa vioshwe kwa sabuni, vifutwe kwa spiriti (hapa ndipo spiriti ina kazi yake), vikauke.

Kucha za miguu zikatwe kwa mstari ulionyooka, zibaki kidogo mbele ya nyama, pembe zisichimbwe. Zilainishe kwa tupa. Ukikata pembe kwa mviringo, kucha inayorudi hutafuta njia ndani ya nyama. Za mikono zinaweza kufuata umbo la kidole. Kata vipande vidogo vidogo kutoka upande mmoja kwenda mwingine, huku kidole chako kikisukuma nyama chini, mbali na makali.

Mimi napendelea tupa kuliko neilikata kwa wagonjwa wengi wa aina hii. Inachukua muda, ni kweli. Lakini mguu wa aliyeumia uti wa mgongo unaweza kuruka ghafla, mkono wa mwenye Parkinson unatetemeka, mwenye kusahau sahau ananyakua mkono wake katikati ya kazi, na tupa haikati mtu. Mguu ukianza kurukaruka, kunja goti, shika unyayo kwa kiganja chote na usubiri utulie, usishindane nao. Mwenye mkono mmoja unaofanya kazi anaweza kubandika tupa mezani kwa gundi ya karatasi na kusugua kucha juu yake. Mtoto mkate akiwa usingizini. Mzee anayekataa, kata kidole kimoja leo na viwili kesho.

Vipande vya kucha vidondokee kwenye gazeti, na umuulize mwenyewe vipelekwe wapi. Wapo wanaozika, wapo wasiotaka vitupwe ovyo kwa hofu ya wachawi, na wapo wasiokubali kukatwa usiku. Kubishana nao hakuna faida. Kata mchana, mpe gazeti lake.

Kucha nene za manjano zinazomeguka huenda zina fangasi. Loweka dakika kumi, punguza unene kwa tupa, na umwone daktari kabla ya vidonge, kwani dawa za fangasi za kumeza hugongana na baadhi ya dawa nyingine, zikiwemo za kifafa. Kucha iliyozama nyamani, yenye uvimbe au usaha, usiichimbe nyumbani.

Kuhusu urembo: hina ya asili haina neno, ila piko nyeusi iliyochanganywa na rangi ya nywele huweza kuunguza ngozi mpaka malengelenge, na mwenye ganzi atajua kesho yake. Wale vijana wanaopita mitaani na beseni wakisugua miguu na kupaka rangi kucha wana kazi halali, lakini vifaa vyao vimepita kwenye miguu mingi na jiwe lao halina huruma. Wakupake rangi tu, na vifaa viwe vyako.

Ukucha unaoweza kuua

Aliyeumia uti wa mgongo kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, yaani anayepoteza hisia kuanzia usawa wa chembe ya moyo au juu yake, anaweza kupata hali iitwayo otonomiki disrefleksia. Kitu kinachoumiza sehemu isiyo na hisia, kwa mfano ukucha uliozama, kidonda, kiatu kilichobana, au kibofu kilichojaa, hupeleka ishara ambayo ubongo hauwezi kuizima, na presha hupanda ghafla. Dalili ni kichwa kupasuka kwa maumivu, uso na shingo kuiva na kutoka jasho, pua kuziba, vinyweleo kusimama, mapigo ya moyo kupungua kasi.

Usimlaze. Mketishe wima, miguu ining'inie. Legeza mkanda, viatu, soksi, mkanda wa mfuko wa mkojo. Angalia mpira wa mkojo: umejikunja, umeziba? Kisha angalia kama choo kimejaa tumboni, halafu ngozi na kucha za miguu. Isipotulia ndani ya dakika chache, ni hospitali, bila kusubiri kupambazuke. Waambie jina la hali hiyo, na uwaambie presha yake ya kila siku, kwa sababu watu hawa kwa kawaida huwa na presha ya chini: 140 kwa mtu aliyezoea 100 ni hatari, japo kwa mwingine isingemtisha mtu.

Miguu yenye ganzi

Kipimo rahisi cha nyumbani kilitoka hospitali ya Ipswich, Uingereza. Mgonjwa afumbe macho. Gusa kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba, cha kati na kidogo cha kila mguu, naye aseme "kulia" au "kushoto" akihisi. Usibonyeze wala usirudie. Asipohisi miguso miwili au zaidi kati ya sita, miguu yake iko hatarini, na akapimwe kliniki.

Tangu hapo hatembei pekupeku hata chumbani. Kandambili hazimtoshi: hubanwa kwa vidole, na mwenye ganzi zinamtoka bila kujua. Katambuga nazo zina misumari. Avae kiatu kilichofungwa nyuma, chenye nafasi mbele, anunue alasiri miguu ikiwa imevimba kidogo, na kabla ya kuvaa aingize mkono ndani kila mara. Mchanga, kokoto, msumari, mende: vyote vimewahi kukutwa humo. Kiatu kipya kivaliwe saa moja siku za mwanzo, kisha mguu ukaguliwe.

Juu ya kuloweka miguu utasikia ushauri unaopingana. Wahudumu wa ukoma hufundisha kuloweka miguu mikavu kwenye maji ya kawaida dakika 20 hadi 30 kila siku, kukwangua sugu taratibu na kupaka mafuta mguu ukiwa bado umelowa. Kliniki za kisukari zinakataza kuloweka kwa muda mrefu. Wote wana sababu zao: mguu wa kisukari mara nyingi una damu hafifu na huambukizwa haraka. Mwenye kisukari aoshe, akaushe, apake mafuta, basi. Dawa za majimaji za kuondoa sugu asiziguse kabisa, ni tindikali.

Moto ndio adui mwingine. Anayepika kwa jiko la mkaa ashike sufuria kwa kitambaa kinene hata kama "haioni" moto. Makete au Limuru, kwenye baridi, asiote moto kwa miguu wala kulala na chupa ya maji ya moto, avae soksi. Aliyepooza akipakiwa bodaboda, mguu wake hulegea na kuegemea bomba la eksozi. Avae suruali nene na viatu, na mtu akae nyuma amshikilie mguu. Kiti cha plastiki nyeusi kilichoachwa juani kiguswe kwanza. Mtoto mwenye mgongo wazi anayetambaa kwenye saruji ya mchana huungua magoti bila kulia, kwa hiyo avae suruali na soksi. Akiungua, maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na unga havipakwi.

Kidonda kikishatoka

Safisha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai kisichojaa cha chumvi kwa nusu lita. Funika kwa shashi safi. Spiriti, iodini kali, majivu na unga wa vidonge vya antibiotiki haviingii humo. Ondoa mgandamizo, bila hilo hakuna dawa itakayofanya kazi. Mlishe: mayai, dagaa, maharage, karanga za kusaga, maziwa, kwa kadiri anavyoweza kumeza. Uliza kama chanjo yake ya pepopunda bado ina nguvu.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukiona usaha, harufu, nyama nyeusi, homa, mfupa, au kidonda chochote kwenye mguu wa mwenye kisukari, hata kidogo. Mguu wa kisukari uliovimba na kuwa wa moto bila kidonda wala maumivu nao usingojwe, kwani mifupa ya ndani inaweza kuwa inavunjika. Asiukanyage mpaka aonwe. Na anayetumia dawa za kifafa kama karbamazepini au fenitoini akitokwa na vipele pamoja na homa, au vidonda mdomoni na machoni, hiyo ni dharura ya leo usiku, chukua na pakiti ya dawa.

Kabla ya kuondoka nyumbani, piga picha ya kidonda ukiweka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, na andika tarehe. Ukifika, mwambie anayekupokea mambo matatu: kimeonekana lini, kimebadilika vipi, na kwamba mgonjwa hahisi sehemu hiyo. Hilo la tatu lirudie kwa kila zamu inayoingia, kwa sababu mgonjwa asiyelia huachwa mwisho kwenye foleni, na benchi la mbao analongojea ni gumu. Mchukulie mto wake.